Chumvi Iliyorudi Wodini

Beseni la maji moto lilikuwa sehemu ya kazi. Muuguzi mmoja, aliyeanza katika chumba cha wagonjwa mahututi miaka ya 1990, anakumbuka akizilaza humo chupa za manitoli kila alfajiri ya baridi, maana dawa hiyo ya jamii ya sukari hufanya chembe kama vioo joto likishuka. Alisubiri ziyeyuke huku mgonjwa aliyeumia kichwa akikoroma kitandani.

Manitoli ilifanya kazi. Ila ilivuta mkojo mwingi. Mfuko ulijaa, presha ikaporomoka, na ubongo uliovimba hauvumilii presha ya chini.

Usiku mmoja aliletwa kijana aliyeanguka na pikipiki. Mboni ya jicho moja ilikuwa imetanuka, presha tayari iko chini. Daktari wa zamu akasema, “Sista, leo tumpe chumvi.” Hakumwelewa. Chumvi aliyoizoea ni dripu ya asilimia 0.9, hii ilikuwa ya asilimia 3. Ilipoingia, mboni ilianza kusinyaa, na kijana akawahishwa chumba cha upasuaji.

Baadaye muuguzi alijifunza kwamba dawa hiyo, ngeni kwake, ilikuwa kongwe. Mwaka 1919, mjini Baltimore, Lewis Weed na Paul McKibben waliwadunga paka chumvi ya asilimia 30 mshipani, wakaona ubongo unanywea. Maji matupu yaliuvimbisha. Kuta za mishipa ya ubongo haziipitishi sodiamu kwa urahisi, basi maji ndiyo yanayotoka kwenye ubongo kuifuata ndani ya damu. Ikaja yurea miaka ya 1950, kisha manitoli miaka ya 1960, na chumvi ikawekwa kando. Mwaka 1988 madaktari wa Australia walieleza habari za wagonjwa wawili ambao manitoli iliwashinda, chumvi kali ikawafaa.

Hakuna muujiza hapa. Utafiti wa Ufaransa wa wagonjwa 370, uliotolewa 2021, ulionyesha kwamba kuwawekea mapema chumvi ya asilimia 20 mfululizo hakukuboresha hali yao miezi sita baadaye. Chumvi hushusha shinikizo ndani ya fuvu. Damu iliyovilia humo bado inamsubiri daktari wa upasuaji.

Manitoli ingali kabatini. Kwa wauguzi wapya, muuguzi huyo ana maombi mawili: chumvi kali sana ipitishwe mshipa mkubwa, kwani midogo huungua, na kabla ya kila dozi inayofuata, ulizeni maabara majibu ya sodiamu.