Baba Yangu na Ugonjwa wa Kutetemeka



Watu wengi wa mtaa wetu wameniuliza habari za baba yangu, kwa nini asubuhi aonekana akienda kanisani kwa miguu yake mwenyewe, na jioni ya siku ile ile asimama mlangoni kama nguzo, asiweze kuinua hata unyayo. Wengine hawaulizi; wamekwisha kujipa jibu. Basi nimeona vema kuyaandika haya, maana huenda nyumbani mwa msomaji yumo mzee wa namna hii, naye asingiziwa bure.

Ugonjwa wake huitwa ugonjwa wa Parkinson, kwa jina la tabibu wa Kiingereza, James Parkinson, aliyeueleza katika kitabu kidogo mwaka 1817. Ndani ya ubongo pana mahali padogo panapofanyika kitu kiitwacho dopamini, ambacho kwa hicho viungo huenda kwa wepesi. Mahali hapo pakiharibika kidogo kidogo, mwendo hupungua na mwili hukakamaa. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si kiharusi, wala si ulevi.

Kwa Baba haukuanza kwa kutetemeka, ulianza kwa kalamu. Yeye alikuwa mwalimu, na mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa kusomeka hata kwa mbali. Tukaona herufi zaanza vizuri mwanzoni mwa mstari, nazo zikifika mwisho zimekuwa kama punje za ulezi. Kisha akawa hasikii harufu ya kahawa ikikaangwa. Kisha uso wake ukakauka, asicheke wala asikunje, hata wajukuu wakasema, "Babu ametukasirikia." Hakukasirika, mishipa ya uso ndiyo iliyokataa kutii. Mwisho mkono wa kuume ukaanza kutetemeka, hasa ukiwa umepumzika gotini.

Ndipo maneno yalipozidi. Walioniona nikimshika mkono njiani walisema Mzee amerudia mbege. Baba mdogo akaja usiku, akasema ni kazi ya watu wabaya, akataka tutoe mbuzi. Na ndugu wengine wa kanisani wakataka kumkemea pepo. Hao nao niliwajibu kwa Injili yenyewe: Mathayo 4:24 yawataja wagonjwa, na wenye pepo, na wenye kupooza, kila kundi mahali pake. Ikiwa Maandiko hayakuwachanganya, sisi tuna ruhusa gani? Baba mdogo hakuridhika, na mpaka leo haji kwetu ila kwenye misiba.

Wala si Baba peke yake. Wilayani Hai, ubavuni mwa mlima wetu wa Kilimanjaro, wagonjwa wa namna hii walitafutwa nyumba kwa nyumba, na habari yake ilichapwa mwaka 2008. Katika watu zaidi ya 160,000 walionekana 33, na walio wengi hawakuwa wamepata kuambiwa jina la ugonjwa wao. Najiuliza ni wangapi kati yao waliotolewa mbuzi.

Dawa ya kuuponya haijapatikana, lakini ya kumwinua mgonjwa ipo. Iliyo kubwa ni levodopa, iliyoanza kuwafaa wagonjwa katika miaka ya 1960. Ubongo huigeuza kuwa dopamini. Huchanganywa na kabidopa, isiharibike njiani kabla ya kufika kichwani. Tabibu alimwandikia Baba vidonge vitatu kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, na saa 12 jioni. Tangu siku ile nyumba yetu yote yaenda kwa saa. Kidonge hunywewa kwa maji nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu nyama, maharage na maziwa huweza kuizuia dawa isiingie upesi mwilini. Kwa hiyo asubuhi hupewa uji mtupu wa ulezi, na kiburu chenye maharage huliwa usiku. Hatukumnyima, maana mzee aliyekonda hawezi kusimama. Mboga, matunda na maji mengi ni lazima, kwa kuwa ugonjwa huu hufunga choo.

Yapata saa 10 alasiri dawa huanza kuisha nguvu. Hapo ndipo miguu hugandia mlangoni. Kumvuta ni kumwangusha. Nimepiga mistari ya chokaa sakafuni, umbali wa hatua moja moja, naye akiitazama na kuivuka huenda. Mahali pasipo mistari huimba wimbo wa tenzi kwa sauti yake ndogo, na miguu hufuata mapigo. Mama, aliye na haraka tangu ujana wake, hupenda kumfunga vifungo vya shati ili mambo yaishe. Baba hukataa, huvifunga mwenyewe kwa nusu saa nzima. Katika shauri hili mimi ni wa upande wa Baba.

Wazee wa kanisa, kwa upendo, walitaka aletewe Meza ya Bwana nyumbani, wakihofu kikombe kisimwagike. Alisema, "Mimi si mfungwa." Kwa idhini ya tabibu, Jumapili kidonge cha kwanza hunywewa saa 2, na saa 4 hutembea mpaka mbele. Hushika kikombe kwa mikono miwili, na mchungaji hungoja. Ibada hurefuka kidogo, na wako wanaokohoa kwa kutovumilia.

Yako mawili ya kuangalia. Kwanza, zipo dawa za kuzuia kutapika, kama metoklopramidi, zinazouzidisha ugonjwa huu. Mjulishe kila mganga wa zahanati kabla hajatoa dawa. Pili, upupu. Mbegu za mmea ule uwashao zina levodopa ile ile ya vidonge, na wataalamu wamezipima kwa wagonjwa. Dada yangu aliposikia alitaka kuzitwanga. Nilimkataza, maana hatujui punje ngapi ni sawa na kidonge kimoja, na kuzidisha kwaweza kumletea kizunguzungu na kuona vitu visivyopo.

Linalotusumbua zaidi ni kupatikana kwa vidonge. Dawa hii haikatwi ghafula, ni hatari. Na mwaka jana duka moja la dawa mjini lilikosa vidonge, Baba akalala siku nne asiweze kujigeuza kitandani. Tangu hapo huweka fedha za maziwa ya ng'ombe mmoja kwa kazi hiyo tu, nami huhesabu vidonge kila Jumamosi. Vilivyomo kabatini leo ni vya siku kumi na tisa. Ijumaa nashuka mjini.