Madabodi za Bei Nafuu, Enzi kwa Enzi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu aliyekuja Kariakoo, Dar es Salaam, kujiundia kompyuta hakuulizwa anataka madabodi gani. Aliulizwa ana shilingi ngapi. Akishataja, muuzaji ananyoosha mkono rafuni, anashusha boksi, biashara imekwisha. Fedha nyingi zilikuwa zimeshaliwa na prosesa na diski. Zilizobaki ndizo za bodi. Mimi nilikuwa kijana wa kushika bisibisi kwenye kibanda cha fundi mmoja, si mbali na Mtaa wa Uhuru, na kazi yangu ilikuwa kufungua makasha ya kompyuta zilizogoma.

Malalamiko yalifanana. Inajizima. Inajiwasha upya. Feni inazunguka lakini kioo ni cheusi. Wengi walifika wakiwa wameshahukumu kwamba ni virusi, na wapo waliokwisha kulipia kuwekewa Windows upya zaidi ya mara moja. Fundi hakuwa na haraka na Windows. “Kijana, fungua kwanza,” alikuwa akiniambia, “halafu nieleze vichwa vya kapasita vikoje.”

Kapasita ni vile vikopo vidogo vilivyosimama mstari pembeni mwa prosesa. Prosesa hutumia umeme wa volti moja na ushee, lakini kwa ampea nyingi. Pawa saplai inaleta volti 12. Kuna sakiti ya kuishusha hiyo 12, na kapasita ndizo zinazoutuliza umeme huo usiyumbe. Kila kopo lina mikato juu yake, mara nyingi kwa umbo la msalaba. Kapasita nzima kichwa chake ni bapa kabisa. Iliyokufa kichwa kimetuna, na iliyooza zaidi imepasuka kwenye ile mikato na kutoa uchafu wa kahawia uliogandia kwenye bodi. Nilijifunza kupitisha ncha ya kidole juu yake, maana uvimbe mdogo kidole huuhisi kabla jicho halijauona.

Haikuwa Dar es Salaam peke yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi karibu 2007, dunia nzima ilikumbwa na kapasita mbovu, nyingi zikiwa zimetengenezwa Taiwan. Maji ya kemikali yaliyomo ndani hayakuwa na dawa ya kuyatuliza, yakazalisha gesi ya haidrojeni, na gesi ikatafuta pa kutokea. Ikavuma kwamba fomula iliibwa ikiwa nusu. Kilichotuumiza sisi ni kwamba kapasita hizo ziliingia kwenye bodi za majina makubwa na madogo, kwa hiyo mteja aliyejinyima kununua jina naye alirudi kibandani.

Fundi alizing’oa kwa moto wa kulehemu na kuweka nyingine: volti zisipungue zile za mwanzo, na ziwe zimeandikwa nyuzi 105, si 85. Kulikuwa na mtego. Kapasita ina upande chanya na hasi, na alama kwenye bodi hazikuwa na sheria moja. Kuna watengenezaji walioupaka rangi upande hasi, na wengine chanya. Ndiyo maana fundi alichora mwelekeo wa kila kopo kwenye karatasi kabla hajaling’oa.

Joto la pwani nalo lilichangia. Mafundi wa elektroniki wana kanuni ya makadirio: kapasita ya maji ikizidishiwa joto nyuzi 10, umri wake hupungua kwa nusu. Ongeza vumbi lililoziba feni, ongeza mgao wa umeme wa mwaka 2006, ambapo umeme ukirudi ulirudi kwa kishindo, na pawa saplai nyepesi zilizouzwa pamoja na kasha. Bodi nyingi zilizolaumiwa ziliuawa na pawa saplai.

Siku hizo tofauti ya bodi na bodi ilikuwa kubwa kweli. Chipu ya kuongoza RAM ilikaa kwenye madabodi, na bodi za bei ya chini zilikuja na chipseti za VIA au SiS, na sidii ya madreva ambayo ikipotea una kazi. Baadhi ya chipu hizo zilipozwa na kifeni kidogo mno. Kikikwama kwa vumbi, bodi nzima inaanza kuyumba. AMD ilikihamishia kiongozi cha RAM ndani ya prosesa mwaka 2003 kwa Athlon 64, na Intel ikafuata mwaka 2008 kwa Core i7 za kwanza. Kompyuta mbili zenye prosesa moja na RAM ileile, moja kwenye bodi ya bei juu na nyingine ya bei chini, zikawa zinakimbia karibu sawa. Wakati huohuo kapasita kavu, zisizo na maji ndani, zikashuka hadi kwenye bodi za kawaida. Kazi yetu ya kubadili vikopo ikaanza kukauka, na hakuna mteja aliyeilalamikia.

Kilichobaki ni imani ya jina. Fundi aliziamini bodi za Intel yenyewe: hazina madoido, lakini zinatulia. Mwaka 2011 hata imani hiyo ilitikiswa, pale Intel ilipositisha kusafirisha chipseti zake mpya kwa sababu ya kasoro iliyodhoofisha baadhi ya milango ya SATA. Januari 2013 ikatangaza kwamba inajitoa polepole kwenye biashara ya madabodi za kompyuta za mezani. Aliyezoea kununua jina akalazimika kujifunza kusoma bodi.

Kusoma kwenyewe kulikuwa kumebadilika. Intel ilikuwa imeshahamisha pini kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye soketi tangu 2004, hivyo bodi ya mtumba haikaguliwi tena kwa kidole. Unamulika tochi ya simu kwa ubavu na kutazama pini zinavyong’aa. Safu zote zikirudisha mwanga kwa namna moja, sawa. Doa likikatisha mstari, kuna pini imelala, na pini moja inatosha kuifanya bodi isiione RAM ya upande mmoja.

Halafu likaja suala la maisha ya soketi. Mwaka 2017 prosesa za Intel za kizazi cha nane zilitoka na soketi iliyoitwa 1151 kama ile iliyotangulia, lakini bodi za zamani hazikuziwasha. AMD kwa upande wake iliibeba soketi ya AM4 tangu Ryzen za kwanza za 2017. Mapema Mei 2020 ilisema bodi za B450 hazitapokea kizazi kijacho. Watumiaji wakapiga kelele, na ndani ya mwezi huohuo ikabadili msimamo. Waliokuwa na bodi hizo wakaja kufunga Ryzen 5000 kwa kusasisha BIOS tu. Kwa mtu wa kipato cha kawaida, hiyo ni bodi nzima ambayo hakuinunua.

Vijana wanaoniletea orodha zao sasa huniuliza kuhusu taa za rangi. Mimi nawauliza mambo mengine. Prosesa yako imo kwenye orodha ya mtengenezaji, na kwa toleo gani la BIOS? Sakiti ya umeme pembeni mwa soketi imevikwa bati la kupozea, au iko uchi? Bodi ya A320 iliyo uchi inaitosha prosesa ya wati 65. Ukiipachika ya wati 105 kwenye joto la Dar, itapunguza mwendo ili isiungue. Nafasi mbili za RAM na moja ya diski ya M.2 zinamtosha mtu wa nyumbani. Chenji iende kwenye pawa saplai ya maana na UPS.

Bodi ya bei nafuu ya leo ni imara kuliko ya bei mbaya niliyokuwa nikiifungua ujanani. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako ikiwa na prosesa na RAM, uone imeingia BIOS, kisha uchukue risiti iliyoandikwa namba ya bodi. Muuzaji akikataa hayo mawili, mwachie bodi yake, nenda duka la pili.