Utingo wa Mjomba

"Taja kwa mdomo," Mjomba aliniambia. "Ukigusa pini, sema pini. Ukigusa mnyororo, sema mnyororo. Usiposikia nikikujibu, ujue hujamaliza."

Ilikuwa alfajiri ya mwezi wa Julai, nje ya nyumba ya Mjomba kaskazini ya jiji la Minneapolis, giza halijatoka lote. Mbele yetu lilisimama gari-nyumba la futi 32, karibu mita 10, lenye kitanda, jiko la gesi, choo na bafu ndani yake. Nyuma yake ilisimama Jeep Wrangler ya milango miwili. Kwa wiki mbili zilizokuwa mbele yetu, kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba magari hayo mawili yanakwenda pamoja na kusimama pamoja. Kwenye barabara za kwetu kazi hiyo ina jina lake: utingo.

Mjomba aliianza kazi hiyo akiwa kijana, kwenye malori ya tela yaliyotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma. Alilala chini ya tela, alipanda na kushuka mlima Kitonga akiwa na kabari mkononi, tayari kuruka na kuisukumia nyuma ya tairi lori likizidiwa. Baadaye akashika usukani mwenyewe. Alipohamia Marekani aliendelea na malori kwa zaidi ya miaka ishirini, na alipostaafu akanunua gari-nyumba lililotumika. Mkaza mjomba alimuuliza swali moja tu: "Na tukifika huko, tutatembea na nini?"

Swali lake lilikuwa zito. Gari-nyumba ukishaliegesha kambini, ukaunganisha umeme na maji, ukasukuma nje vile vyumba vyake vya pembeni, limekwisha kuwa nyumba. Ukitaka mkate inabidi uing'oe nyumba nzima. Tena kuna mahali halifiki kabisa. Sisi tulikuwa tunakwenda Hifadhi ya Taifa ya Glacier, jimbo la Montana, na barabara inayoikata hifadhi hiyo, iitwayo Going-to-the-Sun, hairuhusu katika sehemu yake ya milimani gari lenye urefu wa zaidi ya futi 21 au upana wa zaidi ya futi 8. Letu lilizidi vyote viwili. Bila Jeep tungesafiri kilomita zipatazo 1,700 kwenda kuitazama milima kwa mbali.

Wamarekani wengi huvuta gari dogo matairi yote manne yakiwa chini, bila kulipandisha kwenye tela. Gari hilo wamelipa jina la utani, chura, kwa sababu katika Kiingereza neno la chura wa nchi kavu na neno la kitu kinachovutwa hutamkwa sawa. Lakini si kila gari linafaa kuwa chura. Katika giaboksi nyingi za otomatiki, mafuta husukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na matairi yanazunguka kilomita mia tano, vyuma vinasagana vikavu. Ukifika, giaboksi imekwisha.

Wrangler ina kasha la pili la gia, lile linalogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, na kasha hilo lina nafasi yake ya fri. Ukiliweka fri, matairi yanabaki huru kabisa na giaboksi haina habari nayo. Ndiyo maana giaboksi yenyewe huachwa kwenye P wakati gari linakwenda kasi ya barabara kuu, jambo ambalo Mjomba alinieleza mara mbili kabla sijaliamini. Usiuamini mkono wa gia peke yake. Washa injini, tia rivasi, achia breki taratibu: gari lisisogee. Tia D: lisisogee. Hapo ndipo unazima, unarudisha P, na kuacha ufunguo pale ambapo usukani haujifungi, kwa sababu matairi ya mbele lazima yaweze kufuata kona.

Msomaji uliye ughaibuni na unafikiria kununua gari la kuvuta, kabla hujalipa hata senti, fungua kitabu cha gari hilo kwenye ukurasa unaohusu kuvutwa. Usikubali neno la muuzaji. Gari la jina lilelile linaweza kufaa mwaka mmoja na lisifae mwaka unaofuata. Honda CR-V ilivutwa na watu wengi kwa miaka mingi, mpaka ilipobadilishiwa giaboksi katika toleo la 2015. Tangu hapo haifai kuvutwa hivyo.

Basi nikataja. Mkono wa kuvutia, chuma chenye umbo la V kinachotoka chini ya mkia wa gari-nyumba na kushika pua ya Jeep mahali pawili: pini ya kulia, klipu yake, pini ya kushoto, klipu yake. Minyororo miwili ya usalama, imepishanishwa chini ya chuma. Waya wa taa. Indiketa kushoto, indiketa kulia, taa za breki. Kisha kisanduku cha breki, ambacho hukaa sakafuni mbele ya kiti cha dereva wa Jeep, mkono wake umeibana pedali. Dereva wa mbele akipunguza mwendo, kisanduku kinasikia na kukanyaga breki ya Jeep. Breki za gari-nyumba zimetengenezwa kusimamisha uzito wake lenyewe, na Jeep yetu ni kama kilo 1,700 za ziada zinazokusukuma mgongoni kwenye mteremko. Majimbo mengi yanadai breki hiyo kwa sheria, lakini Mjomba hakuhitaji sheria. Yeye ameona Kitonga.

Mwisho kabisa ni waya mwembamba unaotoka Jeep hadi kwenye gari-nyumba. Kila kitu kikikatika, waya huo unachomoa kifunguo, na Jeep inajikanyagia breki yenyewe huko nyuma badala ya kuwaendea watu.

Tuliondoka kwa barabara kuu ya I-94, tukaingia Dakota Kaskazini kupitia Fargo kabla ya adhuhuri, tukafika ambako ngano imelala mpaka upeo wa macho na upepo hauna kitu cha kuuzuia. Mjini Jamestown tuliegesha, tukaifungua Jeep, tukaenda kuitazama sanamu ya nyati wa Kimarekani iliyosimama kilimani tangu 1959, kimo chake futi 26. Mkaza mjomba alipiga picha chini ya tumbo la nyati. Niliendesha mimi kwenda na kurudi, na niliporudi nikaanza kufunga. Katikati ya kufunga, simu yangu ikalia. Niliongea dakika mbili, nikarudi, nikaendelea pale nilipodhani nimeachia.

Hatukufika hata kilomita tano. Dereva wa lori lililokuwa likitupita alipiga honi mara mbili, akanyoosha kidole nyuma. Nikatazama kamera: Jeep ilikuwa imefuata vizuri kabisa, imenyooka, na matairi yake ya nyuma yanatoa moshi.

Mjomba hakukanyaga breki kwa hofu. Aliachia mafuta, akatafuta bega pana la barabara, akasimama. Nilishuka mbio. Harufu ya breki iliyoungua naijua sasa na sitaisahau. Breki ya mkono ilikuwa imebaki meno mawili juu. Nilikuwa nimeivuta nilipoisimamisha Jeep nyuma ya gari-nyumba, na kilichokuwa kinafuata kwenye orodha yangu simu ilipolia kilikuwa kuishusha.

Sina cha kujitetea. Moto ungeshika, na nyuma yetu kulikuwa na familia za watu. Mjomba alishika kizimamoto mkononi mpaka vyuma vilipopoa, hakusema neno. Kisha akasema, "Ukikatizwa, Mjomba, unaanza pini ya kwanza." Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, na siku ile nilishukuru kwamba hakunibadilishia. Tulikokota taratibu hadi Bismarck, fundi akabadilisha breki ya mkono ya nyuma pande zote mbili, nikalipa mimi.

Kuanzia hapo nilianza pini ya kwanza kila mara, hata bila kukatizwa. Tulivuka mto Missouri, tukasimama Painted Canyon kutazama vilima vya udongo wenye tabaka za kila rangi, tukaingia Montana, tukaiacha barabara kuu Glendive na kupanda kaskazini hadi Wolf Point. Huko unaishika barabara ya US 2, inayokwenda magharibi sambamba na reli, na kila baada ya muda treni ya mizigo inakupita ndefu hata hujui mwisho wake uko wapi.

Kwenye mji mmoja mdogo wa njia hiyo nilikosea tena, safari hii kwa ramani. Mkaza mjomba alitaka vitunguu. Nikamwambia Mjomba akate kushoto. Barabara ikaenda nyumba nne, ikaishia kwenye uzio wa reli.

Huwezi kurudi nyuma na gari linalovutwa hivi. Tela ya lori Mjomba aliirudisha kinyumenyume usiku, kwenye mvua, bandarini, bila kugusa kitu. Lakini Jeep ina usukani wake. Ukiisukuma kwa nyuma, matairi yake ya mbele yanajigeuza yanavyotaka, yanakwenda upande, na mkono wa kuvutia unapinda. Hata mita mbili ni nyingi mno. Mjomba alizima injini, akaniambia, "Fungua."

Tulikuwa tumesimama katikati ya kona, kwa hiyo chuma kilikuwa kimejikaza na pini hazikutoka. Niliomba nyundo, akakataa. "Kikikaza, kuna uzito juu yake. Uondoe uzito." Nikaingia ndani ya Jeep, nikatoa kwanza mkono wa kisanduku kwenye pedali, nikalirudisha kasha kwenye gia, nikaisogeza mbele kwa upana wa kiganja. Mkaza mjomba ndiye aliyezichomoa pini, moja baada ya nyingine, kwa vidole vyake tu. Mzee mmoja wa pale, ambaye hatukumwita, alilileta pikapu lake kwenye njia panda, akawasha taa zote na kuyasimamisha magari mpaka Mjomba alipomaliza kurudi nyuma akifuata ishara za mikono yangu. Alitupungia kofia, akaenda zake. Vitunguu tulivipata Havre.

Kutoka Browning, katika nchi ya Wablackfeet, Mjomba aliiacha barabara ya mlimani yenye kona nyingi, akapita ile ya 464 iliyo wazi zaidi, inayozunguka hadi Babb. Magharibi ghafla milima ilisimama, theluji bado juu yake mwezi wa Julai. Tulifika kambi ya St. Mary jioni.

Asubuhi niliiandaa Jeep. Tulivua paa. Mjomba alikwenda upande wa dereva kwa mazoea, kisha akasimama, akanipa ufunguo. Sikumbuki kumwona hata siku moja kwenye kiti cha abiria.

Barabara ile inaambatana kwanza na ziwa St. Mary, kisha inajibandika kwenye ubavu wa mlima. Ilikamilika mwaka 1932 na kufunguliwa rasmi Julai 1933, na kuta zake za mawe ni za kimo cha goti tu, chini yake bonde. Niliendesha kilomita thelathini kwa saa. Mjomba hakusema kitu kwa muda mrefu. Aliyafuata maporomoko kwa macho mpaka chini, akageuza shingo nzima kuangalia tulikotoka. Juu kabisa, kwenye njia ya Logan iliyo mita 2,026 kutoka usawa wa bahari, mbuzi weupe wa milimani walikuwa wakila majani hatua chache kutoka kwenye maegesho.

"Unajua," alisema, "nimepita milima mingi. Kitonga, Rockies yote hii, miaka na miaka. Nilikuwa naangalia tairi, geji, na taa za aliye mbele. Mlima wenyewe sikuuona."

Tulishuka kidogo upande wa magharibi hadi mahali ambapo maji ya theluji yanatiririka ukutani kando ya barabara. Yalimwagikia upande wake. Mkaza mjomba alicheka nyuma yetu, na Mjomba akauacha uso wake ulowe, hakufuta. Pale ambapo mwamba umeinama juu ya barabara niliangalia nafasi iliyobaki, nikawaza paa la gari-nyumba lingepita wapi. Lisingepita.

Tulikaa St. Mary siku nne, na kila siku Jeep ilitupeleka mahali pengine. Siku ya tano, alfajiri, tulifunga kurudi. Mjomba alikaa kwenye usukani wa gari-nyumba, dirisha wazi, mimi nyuma na tochi. Pini ya kulia. Klipu. Pini ya kushoto. Klipu. Minyororo, taa, kisanduku, waya. Simu nilikuwa nimeiacha ndani kwa mkaza mjomba.

"Breki ya mkono," nikasema, mkono wangu ukiwa juu yake. "Iko chini."

"Nimekusikia, Mjomba," akajibu, akawasha injini.