Njia ya waenda kwa miguu: nani atatoa mita tatu?



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo linaloweza kuonekana kuwa la wahandisi na madiwani peke yao: njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, isiyopitiwa na gari wala pikipiki, ambayo baadhi ya wazee wamependekeza itengwe pembezoni mwa mji wetu kabla viwanja havijajaa.

Sisi tunaoishi Tarime na Serengeti twaijua hali ilivyo. Barabara kuu itokayo Mwanza na Musoma kwenda Sirari hupita mjini Tarime, ikibeba malori yaendayo Kenya. Barabara ya Tarime hadi Mugumu, yenye urefu wa karibu kilomita 87, imekuwa ikijengwa kwa lami awamu kwa awamu. Tunaishukuru lami, kwa maana mgonjwa hufika hospitali mapema na ndizi hufika sokoni zikiwa nzima. Lakini lami huongeza mwendo. Tunapokwenda vigangoni kuadhimisha Misa, huwa tunawaona watoto wa shule wakirukia mtaroni kila lori linapopita, na mzee akisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi huku akigeuka nyuma kila asikiapo honi. Hawa ndio wengi, nao ndio wasiotengewa nafasi.

Je, nafasi haipo? Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kwenye karatasi, basi, nafasi ipo. Lakini humo mna vibanda vya mama lishe, mafundi baiskeli, wauza mitumba, na nyumba za watu waliojenga kabla ya sheria hiyo. Kumlinda mtoto aendaye shule kwa kumnyang'anya mama yake riziki si haki kamili. Ndiyo sababu pendekezo la wazee limetupendeza: njia isifuate barabara kuu, bali ifuate mapito ya zamani ya kwenda kisimani, shuleni na kanisani, kabla hayajazibwa na kuta.

Tujifunze kwa wengine. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, kando ya barabara zake zilikuwa zimejengwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli, na mwaka 2018 jiji hilo likawa la kwanza barani Afrika kupata Tuzo ya Usafiri Endelevu. Hata hivyo, atembeaye huko ajua kwamba bodaboda nazo hupenya humo. Kigali, tangu mwaka 2016, imekuwa ikifunga baadhi ya barabara kwa magari katika Jumapili maalumu, ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli kwa amani. Tunajifunza kwamba kuchora njia hakutoshi. Yahitaji vigingi vya kuzuia pikipiki, mtu wa kuitunza, na watu waliokubaliana kuiheshimu.

Kwetu kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni ng'ombe. Mapito mengi ya zamani ni ya mifugo, na mpango usiowapa ng'ombe njia yao utavunjwa na ng'ombe hao hao. La pili ni usalama. Mabinti wetu wametuambia wazi kwamba njia iliyojificha nyuma ya nyumba, isiyo na taa, ni ya hatari kuliko barabara yenyewe. Tusiwaokoe na lori ili tuwakabidhi kwa wahalifu.

Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, mwana wa mkoa wetu, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza mnamo Oktoba 1967, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Wakati ule magari yalikuwa machache, na mwenda kwa miguu alikuwa bado mwenye barabara. Leo amekuwa mgeni pale pale alipokuwa mwenyeji.

Sasa tuje nyumbani. Mstari uliopendekezwa wagusa mashamba ya familia kadhaa, na wagusa pia kiwanja cha kanisa, upande wa mikaratusi. Wenye mashamba wametuuliza swali moja tu: "Na kanisa litatoa?" Swali hilo ni la haki. Katika nchi yetu hii, ambako mpaka wa shamba umewahi kumwaga damu, hakuna atakayemega lake akiona jirani mkubwa amefumba mkono. Ardhi ya parokia si mali ya paroko, na bila ridhaa ya Askofu hatuwezi kuitoa. Lakini tunaweza kuomba. Tutapeleka mbele ya Halmashauri ya Walei pendekezo la kutoa mita tatu, kwa maandishi, ili familia nazo ziandikishiwe haki zao.

Katika mfano wa Msamaria mwema, kuhani alimwona mtu kando ya njia, akapita upande wa pili. Tusingependa mfano huo usomwe tena kwa jina la parokia yetu.

Dominika ijayo, baada ya Misa ya kwanza, tutautembea mstari huo wote kwa pamoja. Wenye mashamba waje, wachungaji wa ng'ombe waje, vijana wa bodaboda waje, na mabinti waje watuonyeshe mahali panapohitaji taa. Mwenda pole hajikwai.