Doria ya Igwachanya

Makambako hukupokea kwa upepo. Basi linakushusha pale barabara ya Mbeya na ile ya Songea zinapoachana, na kabla hujauliza gari la kuunganisha, baridi ya Julai imeshapenya koti. Nyanda za Juu Kusini nilikuwa nikizisikia kwenye utabiri wa hali ya hewa tu.

Noah ya Igwachanya ilijaa mpaka mlango ukafungwa kwa bega. Kila aliyepanda alisema "Kamwene," nami nikaitikia kwa lafudhi ya Tanga, wakacheka, na mama mmoja akanisogezea nafasi kando ya ndoo yake. Igwachanya ni makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, wilaya changa kama Mkoa wa Njombe wenyewe. Vyote vilianzishwa 2012.

Nilimfuata mzee mmoja, mgambo wa zamani, anayesimamia doria ya usiku kitongojini kwake. Nilikuwa nimesikia kwamba alimwingiza doriani kijana aliyetoka gerezani kwa wizi wa mifugo.

"Baba, hukumwogopa?"

"Nilimwogopa alipokuwa hana kazi," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Maelezo yalikuja taratibu. Kijana alidhaminiwa na mjomba wake mbele ya mkutano. Hakuachiwa lindo peke yake, na posho yake ilitoka kwenye mchango wa kaya, sawasawa na wenzake. Wapo waliogoma kuchanga, na mzee hawalaumu, kwa sababu mbuzi walioibwa walikuwa wa kwao. Lakini kijana alijua ni mbwa gani hubweka bure, ni kufuli lipi limening'inizwa kwa sura tu, na mbuzi wa wizi hupitishwa wapi saa tisa usiku. Mambo hayo mgambo hafundishwi.

Kijana mwenyewe nilimkuta jioni akipasua kuni. Hakutaka kusimulia gereza, nami sikumsukuma. Alinionyesha kwenye simu tangazo la ajira za Jeshi la Polisi, lenye lile sharti kwamba mwombaji asiwe na kumbukumbu za uhalifu. "Kaka, hapa mimi ni mlinzi. Huku," akagonga kioo cha simu, "mimi bado mwizi."

Sharti hilo nalielewa. Polisi hupewa bunduki na mamlaka ya kukamata, na aliyeibiwa ana haki ya kutokabidhi malalamiko yake kwa aliyemwibia. Ila Tanzania haijawahi kuacha ulinzi mikononi mwa polisi peke yao. Walinzi wa jadi wa Sungusungu walianza Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Kwa upande mwingine, milango ya magereza haiachi kufunguliwa: tarehe 9 Desemba 2019 pekee, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Watu hao walirudi kwenye vitongoji kama hiki.

Na wapo waliojaribu kumfanya mkosaji wa jana awe mlinzi. Huko Amboseli, Kenya, tangu 2007 mradi wa Lion Guardians huajiri vijana wa Kimaasai, baadhi yao waliowahi kuua simba, wawafuatilie simba haohao na kuzuia wasiwindwe. Mbinu hiyo imefika hadi jirani ya Hifadhi ya Ruaha. Wanging'ombe nayo inahusika na jambo hili, kwa kuwa sehemu ya Pori la Akiba la Mpanga-Kipengere imo ndani ya wilaya, na anayezijua njia za pori kuliko wote mara nyingi ni yule aliyewahi kuwinda bila kibali.

Historia ina upande wake mchungu pia. Mwaka 1956 afisa wa kikoloni Ian Henderson aliwatumia wapiganaji wa Mau Mau waliojisalimisha kumsaka kiongozi wao, Dedan Kimathi, katika misitu ya Aberdare. Hao hawakuwa wezi, ingawa mkoloni aliwaita majambazi. Walichopewa si kazi; walinunuliwa kwa uhai wao. Vituo vyetu vingi vya polisi havipo mbali sana na mtindo huo: mhalifu wa zamani hufanywa mtoa habari, anatumiwa gizani bila mkataba, na akikataa anakumbushwa faili lake. Mtu wa namna hiyo nusu yake bado iko kwa wezi.

Ndiyo maana naona mzee wa Igwachanya amefanya vizuri kuliko wengi wenye ofisi: alimpokea hadharani, jina likaandikwa daftarini, akalipwa, akawekewa wa kumwangalia. Waliohukumiwa kwa kuua au kubaka wabaki nje ya kazi hii. Lakini kijana wa mbuzi, akilinda miaka kadhaa bila doa, halmashauri imwandikie barua na Mshauri wa Mgambo wa Wilaya ampokee kwenye mafunzo.