Redio za Miji Midogo na Amana ya Ulimi



Huko bara, katika Ushetu, wilaya iliyomegwa kutoka Kahama mwaka 2012, mkulima wa tumbaku huenda shamba na redio yake. Zamani sauti ya nchi ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 1993 ndiyo iliyowafungulia watu binafsi mlango. Radio One ikaanza 1994, kisha Mwanza ikawa na Radio Free Africa. Baadaye miji kama Kahama na Geita nayo ikapata redio zake za FM.

Mawimbi ya FM hayaendi mbali; kilima kimoja chatosha kuyazuia. Kwa hiyo redio ya namna hii ni jirani: hutangaza msiba, mnada na ng'ombe aliyepotea. Manufaa hayo hatuyakanushi. Lakini mshahara wa mtangazaji watoka kwa mwenye tangazo, na hapo ndipo penye mtihani. Akija mpiga ramli na fedha zake, akiahidi utajiri wa dhahabu, auziwe dakika? Kumbuka kwamba katika kanda hiyohiyo ndugu zetu wenye ualbino waliuawa, kwa kuwa wapiga ramli waliwadanganya watu kuwa viungo vyao huleta mali, hata Serikali ikawapiga marufuku Januari 2015.

Usiseme, "Ni maneno tu." RTLM ya Kigali ilianza Julai 1993 kama kampuni ya hisa, ikapendwa kwa muziki na mzaha. Aprili 1994 ikawa yataja majina ya watu wa kuuawa. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha ikawatia hatiani waanzilishi wake wawili.

Sisi tumekwisha kuonywa. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamuru tuichunguze habari aletayo fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Na Sura ya Qaf, aya ya 18, yatufundisha kwamba hakuna neno litamkwalo lisiloandikwa. Basi je, litaandikwa kwa mtangazaji peke yake? Wewe mwenye duka unayelipia tangazo, na wewe mzazi unayeifungua redio mbele ya watoto, mna sehemu yenu. Chuma cha mnara hakitaulizwa kitu, tutaulizwa sisi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie ndimi zetu na masikio yetu. Amin.