Maabara ya mitandao inayoingia mkobani

Nasema hasa nanyi mliohama makwenu: vijana wa hapa Lukafu huniuliza wanunue nini ili wajizoeze nyumbani kwa mtihani wa mitandao, CCNA. Mimi nilichagua kompyuta moja ya mkononi iliyokwisha tumika, yenye RAM ya GB 8. Swichi na ruta za Cisco ni nzito, hazina betri, na umeme wetu hukatika. Packet Tracer, programu ya bure ya Cisco, huigiza vifaa hivyo kwenye skrini. Nikaongeza mita chache za kebo, vichwa vya RJ45 na koleo lake, maana mikono nayo ijifunze. Mtihani ni dola 300. Akiba iende huko. Na ikibidi kuhama tena, maabara unaondoka nayo.